Pale Ravioli Nne Zinapokutana

Haydée Bonfiglio alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu awe mwalimu wa hesabu, na mtihani huo ulikuwa umeichosha familia yake yote kula mayai.

Kwetu mjini La Plata, mtu akimaliza mtihani wa mwisho wa chuo kikuu hatoki mlangoni akapewa mkono na kwenda zake. Ndugu na marafiki wanamngoja barabarani na mayai na unga, na akitokeza tu wanampondea kichwani mpaka usimtofautishe na keki isiyookwa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Anayeondoka msafi ni aliyefeli, na Haydée alikuwa ameondoka msafi mara tatu. Kila mara mumewe, Eladio, alikuja na trei za mayai, na kila mara trei zilirudi nyumbani nzima nzima, na wiki iliyofuata ikawa ni tortilla, mayai ya kukaanga na viazi, asubuhi, mchana na jioni. Eladio hakulalamika. Alikuwa shabiki wa timu ambayo sitaitaja, na kungoja ushindi usiofika alikuwa amekuzoea tangu utotoni.

Haydée alizaliwa nyuma ya duka la tambi, kwenye kona ya mtaa wa 12 na wa 66 (mitaa ya kwetu ni ya namba, na barabara za mshazari zinaikatisha), na inasemekana alitembea kwa mara ya kwanza akifuata gunia la unga. Alipokuwa msichana alikuwa moto wa kuotea mbali katika hesabu. Akaingia chuo, akasoma mwaka wa kwanza kwa raha zake, kisha baba yake akavunjika mgongo na duka likataka mikono. Akavaa aproni. Akakaa nayo miaka mingi, akitengeneza ravioli za Jumapili, vile vifuko vya tambi vyenye jibini ndani, na nyoki, vidonge vya viazi ambavyo kwetu huliwa kila tarehe ishirini na tisa, akalea watoto, akaozesha watoto, nywele zikaingia mvi. Wala hakuwa na huzuni. Ni mwanamke wa kucheka, na akicheka hata mashine ya kukandia inasikika ndogo.

Siku moja, akiwa anakata tambi, alimwambia Eladio, "Narudi chuo."

"Kufanya nini?"

"Kuna kitu nilikisahau kule."

"Ulisahau nini, mwavuli?"

"Hesabu."

Eladio alipangusa mikono, akamtazama, akasema, "Basi wahi kabla hawajaitupa." Na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeamka alfajiri kukanda unga.

Masomo mengine aliyapita kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Likabaki moja, somo la namba changamano. Namba hizo zina sehemu mbili, kwa hiyo kila moja unaweza kuiona kama mahali kwenye ramani: sehemu ya kwanza inakupeleka mashariki au magharibi, ya pili kaskazini au kusini. Sasa chukua fomula inayomeza namba ya namna hiyo na kutema nyingine. Unataka kujua jibu linabadilika kwa kasi gani ukisogea kidogo tu kutoka mahali fulani. Shida ni kwamba kwenye ramani unaweza kusogea upande wowote, na fomula nzuri ni ile inayokupa kasi ile ile, uje kwa njia yoyote utakayo. Mfaransa mmoja na Mjerumani mmoja waliacha masharti mawili ya kuipima, na duniani kote yanaitwa masharti ya Cauchy na Riemann. Kwa lugha ya dukani, masharti hayo yanaipima fomula kwa njia mbili tu, ya kwenda mashariki na ya kwenda kaskazini, yanadai zikubaliane, basi.

Haydée aliyapenda masharti hayo. Aliyaona yana adabu. Na yakamtia adabu yeye.

Mara ya kwanza Profesa Wasylyk alimuuliza, "Masharti yakitimia mahali fulani, yanatosha kusema fomula ni nzuri pale?"

"Yanatosha kabisa," alijibu Haydée, kwa sauti ya mtu anayesifia jibini lake.

Akafeli.

Mara ya pili aliulizwa hivyo hivyo. "Hayatoshi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilipokwambia yanatosha ulinifelisha."

Wasaidizi wawili wa Profesa walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Profesa hakucheka. Akamfelisha tena. Mara ya tatu Haydée alikuja na mfano aliokariri kitabuni, akauandika kinyume, na jioni hiyo Eladio akamenya viazi tena.

Huyo Profesa Wasylyk alikuwa mwanamke mwembamba wa Berisso, mji jirani, mkavu wa maneno, na wakati wote wa mtihani aliupakata mkoba wake mkubwa wa ngozi mapajani, mikono yote miwili juu yake, kama aliyebeba mtoto wa watu. Haydée aliuchukia mkoba ule. Alishajiaminisha kwamba mama yule ana kisirani naye.

"Ana kinyongo, wifi," alisema Nidia, dada yake Eladio, anayekaa kwenye mashine ya pesa pale dukani na kutoa maoni bila kuombwa. "Labda tulimuuzia ravioli mbovu."

"Hajawahi kununua kwetu hata siku moja."

"Si ndiyo hiyo sasa! Mtu wa huku kwetu asiyekula ravioli zetu, utamtegemea kwa lipi?"

Ikafika Desemba, miti ya tilo imechanua na mji wote unanukia, na mara hii mambo yalikuwa makubwa kuliko mayai. Shule ya jioni ya watu wazima, ile ya nyuma ya duka, ilikuwa imemwekea Haydée nafasi ya kufundisha kuanzia Machi. Wanafunzi wake wangekuwa wapiga plasta, wauguzi, akina mama wa kufua, watu walioacha shule kama yeye alivyoacha. Mkuu wa shule alimwambia wazi: akimaliza chuo mwezi huu, nafasi ni yake, asipomaliza, inakwenda kwa mwingine. Na chuo nacho kilikuwa kimemwambia hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akifeli, arudie somo zima mwaka mzima. Haydée alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alikuwa akiogopa hata kuitaja mbele ya wateja.

Siku ya mtihani alivaa blauzi ya zamani, kama desturi inavyotaka, japo aliona haya kuivaa, kwa kuwa ilikuwa ile ile ya mara tatu zilizopita na bado ilikuwa safi.

Mezani kulikuwa na kile kizimba kidogo cha kuzungusha, chenye vimpira vya mbao vyenye namba, kila namba na mada yake. Haydée akakizungusha, kikatema namba nne. Masharti ya Cauchy na Riemann. Alitamani kucheka na kulia papo hapo.

Alianza vizuri, lazima niseme. Alisimama ubaoni akaeleza masharti yalivyozaliwa: ukija kwa njia ya mashariki unapata kasi hii, ukija kwa njia ya kaskazini unapata ile, na kama fomula ni nzuri kasi mbili hizo lazima ziwe moja. Aliandika bila kusita. Wasaidizi walitikisa vichwa kwa kuridhika. Profesa alishika mkoba wake.

"Yanatosha?"

"Hayatoshi, Profesa."

"Nipe mfano."

Jana yake mfano aliujua. Asubuhi alimwambia Eladio mfano wote wakati akinywa mate, ile chai yetu chungu ya majani, na Eladio aliurudia neno kwa neno bila kuelewa kitu. Sasa haupo. Akautafuta kichwani kama unavyotafuta miwani uliyoivaa.

"Nenda nje upate hewa," alisema Profesa Wasylyk. "Kunywa maji. Ukirudi tutaendelea hapa hapa."

Haydée alitoka machozi yakimlengalenga. Bomba la ukumbini halikuwa na maji, kwa hiyo alisukuma mlango mkubwa na kusimama kwenye ngazi za barabarani ili avute pumzi mbili tatu. Ndilo kosa alilofanya.

Eladio alikuwa upande wa pili wa barabara, chini ya tilo, na trei zake. Alimwona mkewe ametokea, uso mwekundu, machozi mashavuni. Mume aliyengoja miaka mingi akiona machozi ya namna ile anajua maana yake. Au anadhani anajua.

"Amefaulu!" alinguruma. "Nidia, amefaulu!"

Nidia akapuliza filimbi. Binamu mmoja akaanza kupiga ngoma. Haydée akainua mikono yote miwili kuwazuia, nao wakaona anashangilia. Akapiga kelele, lakini nani amsikie, ngoma ile inasikika mpaka uwanjani. Yai la kwanza lilimpata begani. La pili kifuani. Kisha Nidia, mwanamke mfupi lakini mwenye shabaha, akapanda ngazi na mfuko wa unga, unga laini wa duka lenyewe, akamwagia wifi yake kuanzia utosini mpaka mfuko ukawa mtupu. Eladio alifuata akipasua mayai mikono yote miwili, analia, anacheka, anambusu juu ya ganda. Hawakubakiza hata moja.

Ngoma iliponyamaza, Haydée alifuta jicho moja akasema, "Bado."

"Bado nini, mama?"

"Bado mtihani, Eladio! Nimetoka kupunga upepo!"

Mtaa mzima ukapoa. Binamu aliiweka ngoma chini taratibu, kana kwamba ndiyo yenye makosa.

"Eladio," alisema Nidia, "umeua."

"Mimi? Filimbi nani alipuliza?"

"Nilipuliza kwa sababu ulisema!"

"Mimi nilisema kwa sababu alilia!"

Eladio alijaribu kumpangusa mkewe kwa leso, na kila alipopangusa alizidi kukanda. "Nimekutia mkosi," alisema. "Mpenzi wangu, nimekuharibia kwa mikono yangu mwenyewe."

Haydée alimtazama mwanamume yule na trei zake tupu, unga hadi kwenye nyusi, na kitu fulani kikamfunguka kifuani. Akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha kushinda mashine, huku akishikilia ukingo wa mlango, na hofu ambayo alikuwa amelala nayo mwezi mzima ikamtoka. "Ningojeni hapa," akasema, na akarudi ndani akidondosha ute kila hatua.

Msaidizi mmoja alipomwona alijifunika mdomo kwa karatasi. Profesa Wasylyk alivua miwani, akaivaa tena.

"Bi Bonfiglio. Kumbe umeshafaulu na sisi hatuna habari?"

"Mume wangu amenifaulisha, Profesa. Ana haraka."

"Anafundisha hapa?"

"Anatengeneza tambi."

"Basi kura yake haihesabiwi. Keti, upumzike kidogo. Mfano wangu bado naungoja."

Haydée aliketi. Mikono yake, isiyojua kukaa bure, ilianza kukwangua uchafu kwenye kiwiko. Yai na unga. Ikakwangua, ikakusanya, ikaviringisha, na kabla mwenyewe hajatambua alikuwa na donge la unga uliokandika vizuri kabisa. Akalibandika mezani, akalitandaza kwa kiganja. Akachukua rula iliyokuwa karibu na kulibonyeza mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana, kama anavyogawa ravioli kila asubuhi ya Mungu. Vikainuka vilima vinne vidogo, na katikati yake msalaba wa njia mbili zilizolala.

Akaweka rula chini.

"Profesa," alisema polepole, "naomba usogee uone."

Profesa Wasylyk aliinuka, mkoba kwapani, akainama.

"Hapa katikati, ravioli nne zinapokutana, ndipo sifuri yetu. Mimi ni sisimizi. Natembea juu ya mkato huu, kuelekea mashariki. Tambarare. Narudi, nashika mkato mwingine, kaskazini. Tambarare vilevile. Kasi zote mbili ni sifuri, zimekubaliana. Masharti yametimia, Cauchy amefurahi, Riemann amefurahi."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu wa La Plata, Profesa. Nikiwa na haraka nashika barabara ya mshazari." Akapitisha kidole kukatisha kati ya mikato miwili. Kidole kikapanda. "Hatua ya kwanza tu niko juu ya jibini! Njia mbili zilikubaliana, lakini hazikuwa zimeniambia habari za njia ya tatu!"

Alikuwa amesimama sasa, na alikuwa akipiga kelele, na msaidizi wa pili alikuwa amesahau kuandika.

"Hiyo ni ravioli," alisema Profesa. "Mimi ninahoji hesabu. Iandike."

Na Haydée akaiandika, alama za vidole vyeupe zikibaki ubaoni. Zidisha x kwa y, futa alama ya kutoa kama ipo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ukiwa juu ya mstari wa x, y ni sifuri, na jibu ni sifuri njia nzima. Juu ya mstari wa y, hivyo hivyo. Shika mshazari, x na y zikawa sawa, na jibu linapanda pamoja nawe. Kasi yake si sifuri tena. Hakukumbuka mfano wa kitabuni. Hakuuhitaji, maana huu alikuwa akiuona kwa macho yake.

"Swali la mwisho," alisema Profesa Wasylyk, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Masharti yalikosa nini cha kuyashika mkono, ili yatoshe?"

Haydée alirudi kwenye unga wake. Akagusa pembeni kidogo tu ya mkato. "Hapa ukitoka nje ya njia kidogo, ukuta unasimama wima. Mabadiliko yanaruka. Kama pande zote jirani na sifuri mabadiliko yangekuwa yanakwenda taratibu, bila kuruka popote, basi masharti yangetosha na mimi ningekwenda nyumbani."

"Mara ile ya kwanza uliniambia yanatosha, na uliniambia kwa uhakika mkubwa," alisema Profesa. "Una sauti ya kuaminika sana, Bi Bonfiglio. Wanafunzi wako watakuamini kila utakachosema. Ndiyo maana nisingeweza kukupitisha hivi hivi." Akawageukia wenzake, wakatikisa vichwa. "Tisa. Ingekuwa kumi, lakini tazama meza yangu."

Nje, barabarani, palikuwa kama msibani. Nidia alikuwa akifagia maganda. Eladio ameketi ukingoni mwa barabara na trei tupu magotini, hata hakuinua kichwa mlango ulipofunguka.

"Nimefaulu," alisema Haydée.

Hakuna aliyethubutu kusogea. Walishaumwa na nyoka mara moja.

"Nimefaulu, nasema! Tisa! Eladio, ni kweli, nimefaulu!"

Eladio aliinuka, akamkumbatia, akamwinua juu kabisa, ingawa yeye mwenyewe ni mtu wa miaka sitini mwenye kiuno kibovu. Kisha akamweka chini na uso ukamwanguka. "Hakuna mayai," alisema. "Miaka yote hii, na leo ndiyo leo, na sina hata yai moja la kukupiga."

"Duka la hapo jirani?" aliuliza binamu.

"Saa hizi za mchana wamefunga, wamelala wote," alisema Nidia. "Yaani mimi na hiyo filimbi!"

Haydée alitaka kusema haidhuru. Alishapakwa, nini zaidi? Lakini ilidhuru, na alishangaa kuona jinsi ilivyodhuru. Mayai yale yalikuwa ya mtu ambaye hajafaulu. Aliyefaulu alikuwa bado hajapigwa.

Mlango ukafunguka tena nyuma yake. Profesa Wasylyk alishuka ngazi ndani ya gauni lake la kijivu, mkoba mikononi. Wote wakampisha. Alisimama mbele ya Haydée, akafungua mkoba ule kwa uangalifu, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua. Ndani yake mlikuwa na yai.

"Nilikuja nalo," alisema.

Haydée alilitazama yai, akautazama mkoba. "Leo?"

"Mara zote nne. Mara tatu nimerudi nalo Berisso nikalichemsha, nikalila peke yangu." Akavuta pumzi. "Na mayai ya kuchemsha siyapendi hata kidogo. Inamisha kichwa, Mwalimu."

Haydée akainamisha kichwa. Yai likapasuka utosini, likamtiririka mpaka shingoni, na ngoma ikalipuka upya. Akamkumbatia Profesa kwa nguvu zake zote, na unga wake na ute wake, akilia safari hii kwa sababu inayostahili, na Profesa Wasylyk hakujitoa.